Weka Kisu Chini, Geuza Saa

Saa nyingi zinazoletwa mezani kwangu hazina ugonjwa ndani. Mashine inatembea, betri ina nguvu, kioo ni kizima. Kilichoumia ni zile pembe nne za kasha zinazoshika mkanda, na zimeumizwa nyumbani, kwa kisu cha kukatia nyanya, na mtu aliyetaka tu kuvaa mkanda mpya kabla ya kwenda harusini. Mkwaruzo wa kisu kwenye chuma cha pua hautoki kwa kitambaa. Hutoka chuma kikisuguliwa mpaka usawa wa chini ya mkwaruzo wenyewe, na kila kinaposuguliwa, ukali wa pembe unapungua, mpaka kasha linabaki la mviringo kama kipande cha sabuni kilichotumika. Baada ya hapo ni vigumu kupata fundi wa kuirudishia saa sura yake.

Mimi ni fundi saa wa Majengo, Nairobi. Meza yangu iko barazani, karibu na barabara ya Digo, nje ya mojawapo ya zile nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Asubuhi nawaona vijana wa mikokoteni wakipita na marobota ya mitumba kuelekea Gikomba, na mchana kutwa nyundo za jua kali hazinyamazi. Kazi niliifundishwa na mzee mmoja wa hapahapa Majengo, ambaye kabla ya kugusa saa yoyote aliigeuza kifudifudi juu ya kitambaa cheupe, akavaa lenzi jichoni, akaitazama kimya. Wateja walidhani anatafuta bei ya kuwatajia. Alikuwa akitafuta pini.

Nami nataka msomaji aanzie hapohapo. Zana ya kubadilishia mkanda huchaguliwa kwa kufuata pini iliyo kwenye saa yako. Ukiijua pini, utajua cha kununua, na mara nyingi utagundua ni kitu kimoja au viwili tu. Usipoijua, hata ukinunua mkoba wa zana ishirini wa China, ule unaouzwa kwenye Luthuli Avenue ukiwa na zipu na sponji ndani, bado utarudi kwenye kisu.

Pini ya kawaida ya saa ya mkononi ni mrija mwembamba wa chuma wenye springi ndani. Kila mwisho una ncha inayoingia na kutoka, na ncha hiyo huzama kwenye tundu dogo lililo upande wa ndani wa pembe. Nyuma kidogo ya ncha pana ukingo, duara ndogo iliyotokeza kuliko mrija wenyewe. Ukingo huo ndio mahali pa kushikia. Zana ya kazi hii ni uma mdogo wenye meno mawili: meno yanaikumbatia pini, yanakaa upande wa ukingo unaoelekea pembe, yanausukuma kuelekea katikati, na ncha inatoka tunduni. Kisu hakina meno. Kikisukuma ukingo kinateleza, na kikiteleza hakina pa kwenda isipokuwa kwenye pembe ya kasha au kwenye kidole chako.

Uma mzuri una ncha mbili, moja kila upande wa mpini. Upande mmoja ni huo uma, upande wa pili ni ncha ya mviringo iliyo butu mbele. Hiyo ya pili ni ya saa ambazo matundu yake yametoboka mpaka nje ya pembe. Ukiitazama saa kwa ubavu ukaona vitundu viwili vya duara, una bahati: sukuma pini kutoka nje kwa ile ncha ya mviringo, na mkanda utatoka bila uma kuingia ndani kabisa. Saa nyingi za kupiga mbizi za zamani na saa za kazi ngumu zilitengenezwa hivyo makusudi, ili mkanda ubadilishwe upesi.

Sasa vipimo, maana hapa ndipo watu wanapopoteza pesa. Pima nafasi iliyo kati ya pembe mbili, kutoka ukuta wa ndani wa moja hadi ukuta wa ndani wa nyingine. Usiupime mkanda wa zamani, kwa sababu ngozi hubanwa na mpira huvimba. Saa nyingi za wanaume zina milimita 18, 20 au 22. Za kina mama huwa 12, 14 au 16. Na ziko zenye 19 na 21 ambazo huwasumbua wauza mikanda. Kalipa ya vernia, hata ile ya plastiki, inatosha. Rula ya shule inaweza kukudanganya kwa milimita moja nzima, na milimita moja hapo si mchezo: mkanda wa 20 kwenye saa ya 19 utakunjamana, na mkanda wa 18 kwenye saa ya 20 utaacha pengo linaloonyesha pini, nao utacheza kushoto na kulia mpaka ulile tundu la pini.

Baada ya upana, pima unene wa pini. Hili hata baadhi ya mafundi hawalijali. Pini za mikanda ya ngozi kwa kawaida zina unene wa milimita 1.5, nyingine 1.8. Lakini saa za kupiga mbizi za Seiko hutumia pini nene za milimita 2.5, na ncha zake ni nene pia. Makanga mmoja alinijia mkono mtupu, amebaki na mkanda tu mfukoni. Saa yake, Seiko kubwa ya kupiga mbizi, ilikuwa imevalishwa mkanda mpya mahali fulani mjini. Akiwa ananing'inia mlangoni mwa matatu, mkono ukagonga ukingo wa mlango, saa ikaruka barabarani na gari la nyuma likaikanyaga. Pini aliyonionyesha ilikuwa nyembamba, ya mkanda wa ngozi. Ncha yake ilikuwa ikicheza ndani ya tundu pana, ikapata njia ya kuchomoka. Pini mbili nene hazifiki bei ya sahani ya pilau.

Kwa hiyo ukiniuliza zana ya kwanza ni ipi, nitakujibu kwamba ni pini mpya. Kila unapobadilisha mkanda, badilisha na pini zake. Ile ya zamani imekaa miaka na jasho, vumbi na maji, na ukiitazama kwa lenzi utaona kutu ya rangi ya matofali pale ncha inapoingilia mrija. Ibonyeze kwa ukucha: ikirudi polepole, au upande mmoja usirudi kabisa, itupe. Na usinunue pini ndefu ukidhani utaibana kwa nguvu. Kama nafasi ni milimita 20, nunua pini inayouzwa kwa saa ya milimita 20.

Kuhusu uma wenyewe, mafundi wengi duniani humtaja Bergeon, mtengenezaji wa zana za saa wa Le Locle, Uswisi, ambaye huhesabu mwanzo wake tangu 1791. Uma wake unaojulikana zaidi ni namba 6767. Mpini ni wa chuma, na ncha zinafungwa kwa skrubu, hivyo ncha ikivunjika unabadilisha ncha peke yake. Upo wenye uma mwembamba na upo wenye uma mpana. Kwa mkanda wa ngozi au nailoni chukua wowote ule. Kwa cheni ya chuma chukua mwembamba, kwa sababu kipande cha mwisho cha cheni huwa kimepindwa kufuata mviringo wa kasha, na upenyo kati yake na pembe unaweza kuwa finyu kiasi cha kupitisha karatasi tu. Uma mpana ukiulazimisha hapo utapanua upenyo kwa kukwaruza pande zote mbili.

Si lazima ununue wa Uswisi. Mimi ninao mmoja ninaoutunza kwa ajili ya saa za watu wenye kupenda saa zao, na ninao wa bei nafuu ninaoutumia siku nzima. Ninachojali ni chuma cha ncha. Muuzaji akikuruhusu, shika uma uubonyeze juu ya kichwa cha msumari wa kawaida. Ncha laini itapinda au itachubuka papo hapo, na ikipinda dukani itapinda kwenye saa yako. Tazama pia meno: yawe na urefu sawa, na mfereji katikati uwe safi. Nyingi za bei rahisi zina jino moja refu kuliko lingine, na hilo refu ndilo linalochora kasha. Unaweza kulisawazisha kwa jiwe la kunolea, ukiwa na subira.

Wiki moja ya kuelekea Idd alikuja binti mmoja akiwa na Seiko 5 ya marehemu babake. Alitaka kumvalisha kaka yake, na cheni ya zamani ilikuwa imelegea kila kiungo.

"Salaam aleikum, fundi."

"Aleikum salaam, mwanangu. Karibu ukae."

"Nilitaka kuitoa mwenyewe nyumbani, kisu kikateleza. Nikaona niiache."

"Umefanya vyema kuiacha. Leta tuitazame."

Seiko 5 ilianza kuuzwa Japani mwaka 1963, na kati ya mambo matano ambayo tarakimu hiyo iliahidi, moja lilikuwa kasha na cheni imara. Hata hivyo cheni zake nyingi za zamani zilikunjwa kutokana na bati jembamba, na zikivaliwa miongo zinaliwa na vumbi kwenye maungio. Kasha la saa ile lilikuwa bado zuri, isipokuwa mstari mmoja mfupi wa kisu kwenye pembe ya chini.

Nilitandika kitambaa, nikaigeuza saa kifudifudi. Nikabandika selotepu juu ya kila pembe, upande wa juu na wa ndani, nikiacha wazi sehemu ya pini tu. Hilo huchukua muda mfupi sana na ndilo linalozuia hasara kubwa. Nikauingiza uma mwembamba kati ya kipande cha mwisho cha cheni na pembe, nikiusikiliza kwa vidole. Unapogonga mrija mtupu, uma unateleza huku na huku. Unaposhika ukingo, unasimama. Hapo nikasukuma kuelekea katikati, wala si kuelekea juu, na kidole gumba cha mkono wa kushoto kikafunika mahali pote pini inapoweza kurukia. Pini yenye springi ikipata njia itaruka mpaka mtaroni, na baraza zetu zina mitaro. Ncha ilipotoka tunduni niliinua kipande kidogo tu, kiasi cha kuizuia isirudi, kisha nikafanya upande wa pili.

Matundu yalikuwa yamejaa uchafu mweusi wa jasho. Niliusafisha kwa kijiti cha meno na mswaki laini wenye maji ya sabuni, nikapangusa. Nikapima: 18. Mkanda wa ngozi wa 18, pini mpya mbili za 18. Kuvalisha ni kinyume cha kuvua: ncha moja ya pini inatangulia tunduni, nyingine inabanwa kwa uma na kuteleza chini ya pembe mpaka utakaposikia mlio mdogo. Mlio huo usikutosheleze. Vuta mkanda kwa nguvu ya kawaida, uzungushe juu na chini, tena upeleke kushoto na kulia. Pini iliyokaa nje ya tundu, ikiegemea ukuta tu, hulia vilevile, na itatoka siku utakayopiga makofi.

Mstari wa kisu sikuugusa. Nilimwambia binti aubakishe, maana kuusugua kungekula pembe ya saa ya baba. Akakubali.

Cheni za chuma ni habari nyingine, na huko ndiko kwenye zana nyingi zaidi. Kwanza, kabla ya kutoa kipande chochote, tazama kifungo. Cheni nyingi zina safu ya vitundu vidogo ubavuni mwa kifungo, na ndani yake mna pini ya springi. Ukiisukuma kwa ncha ya mviringo ya uma na kuihamishia kitundu cha pili, cheni inafupika au kurefuka milimita chache. Watu wengi waliokuja kwangu kukatiwa kipande walihitaji kuhamishwa kitundu kimoja tu. Na kama una Casio yenye cheni ya chuma ya aina ya A158W, ile ya rangi ya fedha inayovaliwa na nusu ya Nairobi, hakuna kipande cha kutoa kabisa: kifungo chake kina kibati kidogo upande wa ndani. Ukikiinua kwa bisibisi bapa nyembamba, kifungo kinateleza juu ya cheni. Kisimamishe panapokutosha, kisha ubonyeze kibati mpaka kilale.

Kama bado ni ndefu, geuza cheni utazame upande unaogusa ngozi ya mkono. Ukiona mishale midogo imechorwa kwenye vipande kadhaa, hivyo ndivyo vinavyotoka, na mshale unaonyesha upande wa kusukumia pini itoke. Pini ya kurudi inaingia kinyume cha mshale. Ziko pini zilizopasuliwa mwisho mmoja ili zijibane zenyewe: upande mzima utangulie, upande uliopasuka uingie mwisho. Na hapa nakuomba uwe macho, kwa sababu mpasuko huo ukiuona ubavuni mwa cheni unafanana kabisa na kichwa cha skrubu. Wengi wamechukua bisibisi wakazungusha na kuzungusha, wakaharibu pini na cheni. Ukiona mishale, sukuma. Usipoiona, na ubavuni pana kichwa cha mviringo chenye mfereji uliokatwa sawasawa, hiyo ndiyo skrubu.

Skrubu za cheni zinataka bisibisi inayojaza mfereji kwa upana na kwa unene. Bisibisi ya mafundi wa simu mara nyingi ni nyembamba mno, inapanda juu ya mfereji na kuchuna kichwa. Skrubu ikikataa, usiongeze nguvu. Viwanda huweka gundi ili zisilegee, na gundi hiyo hulegezwa na joto. Ivue cheni kwenye saa kwanza, kisha gusa kichwa cha skrubu kwa kile chuma cha moto wanachoyeyushia risasi mafundi wa redio, subiri kidogo, ujaribu tena.

Kuna aina ya tatu ambayo Seiko na Citizen huipenda: pini pamoja na kipete, yaani kimrija kifupi ambacho pini hupita ndani yake na kubanwa. Ukisukuma pini bila kujua, kipete kinadondoka, nacho ni kidogo kama punje ya ufuta. Kikipotea, pini haitashika tena hata uipige nyundo, na cheni itafunguka njiani. Ndiyo maana kazi hii haifanywi juu ya zulia wala kwenye nyasi. Kitambaa cheupe, sinia lenye kingo, na kibano cha kuokotea.

Zana ya kusukumia pini za cheni watu huinunua, ile ya plastiki yenye skrubu ya kuzungusha na ncha mbele. Inafaa kwa cheni laini. Kwa cheni iliyoshikwa na kutu ncha yake hupinda mara moja. Mwalimu wangu alinionyesha iliyo bora kuliko hiyo, nayo hutoka kwa majirani zetu, washonaji wa Gikomba: sindano ya cherehani. Chuma chake ni kigumu, na kipimo kimeandikwa kwenye pakiti. Namba 90 maana yake unene wa sindano ni milimita 0.9, namba 80 ni 0.8, namba 100 ni milimita moja. Chagua iliyo nyembamba kidogo kuliko tundu la pini. Vunja upande wa tundu la uzi kwa koleo, ukiwa umeifunika kwa kitambaa na kuvaa miwani, maana chuma kigumu huruka vipande. Kisha sugua mwisho juu ya jiwe mpaka uwe bapa. Ipachike kwenye mpini wa mti mgumu, ukiacha milimita chache tu nje. Ikiwa ndefu itavunjika, kwa kuwa chuma kigumu hakivumilii kupindwa. Igonge kwa nyundo ndogo ya shaba au ya plastiki, mapigo mafupi, cheni ikiwa imelala juu ya kipande cha mbao chenye mfereji. Pini ikianza kutoka, maliza kuivuta kwa koleo.

Toa vipande sawa kila upande ili kifungo kikae katikati chini ya mkono. Ikibaki hesabu ya kipande kimoja, kitoe upande wa chini wa uso wa saa, ulio karibu nawe, penye tarakimu 6. Na vile ulivyotoa viweke kwenye bahasha pamoja na pini zake. Mkono hunenepa, na saa hurithiwa.

Hapa Majengo swali la mkanda huja pamoja na swali la maji. Wateja wangu wengi wanatawadha mara tano kwa siku, na maji lazima yafike kwenye ngozi iliyo chini ya saa. Mkanda wa ngozi ukiloweshwa hivyo kila siku unaanza kunuka, nyuzi zinaoza, na unyevu unakaa pale pini ilipojificha. Siwaambii waache ngozi, lakini nawaambia wachague. Wazee wengi wanapenda cheni ya kuvutika, ile isiyo na kifungo, iliyopata umaarufu kwa jina la Twist-O-Flex ya Speidel ya Marekani tangu 1959: unaisukuma juu mkononi, unatawadha, unaishusha. Kuipunguza kunahitaji ubapa mwembamba wa kuinulia vibati vya ndani, na mkono mpole. Kwa vijana napendekeza nailoni. Ule mkanda mmoja mrefu unaopita chini ya saa ulitokana na mahitaji ya jeshi la Uingereza, na maelezo yake rasmi yaliandikwa mwaka 1973. Pini moja ikikatika, saa inabaki imening'inia kwenye pini ya pili. Tena huhitaji uma kila mara, kwani mkanda unachomolewa na pini zikabaki mahali pake.

Muuguzi mmoja wa Hospitali ya Kina Mama ya Pumwani, hospitali iliyopo hapa jirani tangu 1926, aliniuliza kama kuna mkanda anaoweza kuuvua mwenyewe jioni, auoshe, aurudishe asubuhi, kwa kuwa saa yake anaitumia kuhesabia mapigo ya moyo na mikono yake haikauki. Nilimpa mkanda wenye pini za kufunguka kwa ukucha: pini ina kijiti kidogo kilichotokeza upande wa ndani wa mkanda, unakivuta, ncha inatoka. Mikanda hiyo siku hizi iko mingi na ni rahisi. Nami, ingawa inaninyima kazi, naipendekeza kwa kila mtu anayebadilisha mkanda mara kwa mara. Sharti moja tu: pima upana sawasawa, na ujaribu kuvuta kabla ya kutoka nje.

Kwa hiyo mtu wa kawaida anunue nini? Uma mmoja wa ncha ngumu, pini za akiba za kipimo cha saa yake, selotepu na kitambaa cheupe. Mwenye cheni aongeze sindano yake ya 80 au 90 na bisibisi moja inayolingana na skrubu zake. Mkoba mkubwa wenye vipande vingi uache dukani. Mle ndani utatumia vitatu, na hivyo vitatu ndivyo vyenye chuma kibovu kuliko vyote.

Na kama hutaki kununua chochote, nenda kwa fundi aliye karibu nawe, awe wa Majengo, wa Shauri Moyo au wa Islii. Kabla hujamkabidhi saa, mwambie kwa heshima, "Fundi, naomba nione uma wako." Aliye na zana nzuri atafurahi kukuonyesha. Akichukua kisu, baki na saa yako, mshukuru, uende kwa mwingine.